Jinsi ya kumtumia mbunge wako ukiwa Uingereza, hata kama huna paspoti ya huko

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya watu wetu mnaoishi Uingereza, uwe Reading, Leicester, Birmingham, Glasgow, popote pale. Kila tukikutana kwenye msiba au sendofu lazima utamkuta mtu ana tatizo na Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani inayoshika visa, limekaa mwaka mzima, kashalipa wanasheria mpaka mfuko umetoboka, ukimuuliza umeshamwandikia mbunge wako anakuangalia kama umechanganyikiwa, eti mbunge? mimi hata kura sijawahi kupiga hapa. Sasa hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, maana mbunge wa kule hahesabu nani alimpigia, anahesabu nani anaishi ndani ya jimbo lake. Hata kama una visa ya mwanafunzi, visa ya kazi, au unasubiri majibu ya ukimbizi, alimradi kitanda chako kiko ndani ya mipaka yake basi wewe ni mtu wake na ofisi yake inatakiwa ikusikilize.

Na kabla hatujaenda mbali, toa kichwani picha ya mbunge wa nyumbani. Mbunge wa Uingereza hana mfuko wa jimbo, hakuna kitu kama CDF ya Kenya wala mfuko wa maendeleo wa jimbo wa Tanzania, hatakuchangia ada, hatanunua jeneza, hatatoa mabati. Hela anazopewa na ile taasisi inayosimamia malipo ya wabunge, IPSA, ni za mshahara wake, wafanyakazi wake, pango la ofisi na nauli, na matumizi yake yanatangazwa hadharani mtu yeyote anaona. Silaha yake kubwa ni barua. Anaandika kwenye karatasi yenye ile nembo ya geti la minyororo, portcullis, na barua hiyo ikifika wizarani haiwekwi kwenye foleni moja na ya kwako, kuna watu maalum wa kuwajibu wabunge. Ukielewa kwamba unachokwenda kuomba ni barua na sio hela wala miujiza, basi nusu ya kazi umemaliza.

Hatua ya 1: Jua jimbo lako, usikisie

Bunge lao la chini, House of Commons, lina wabunge 650, jimbo moja mbunge mmoja, viti maalum hakuna. Kwenye uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024 mipaka ilibadilishwa karibu nchi nzima, sasa hivi England ina majimbo 543, Uskoti 57, Wales 32 na Ireland ya Kaskazini 18. Walikuwa wanataka kila jimbo liwe na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062, isipokuwa visiwa vichache vilivyoachwa pembeni kama Orkney na Shetland, kwa hiyo mistari imekatwa kufuata idadi ya watu na sio kufuata akili yako ya mtaa.

Mfano mzuri ni Reading, maana watu wetu wako wengi pale. Mtu anasema mimi naishi Reading basi mbunge wangu ni wa Reading, lakini mji huo umegawanywa, kuna Reading Central, kuna Reading West and Mid Berkshire, halafu mtaa kama Whitley ambao ni Reading kabisa, halmashauri ya Reading, basi la Reading, uko kwenye jimbo la Earley and Woodley. Ukimwandikia wa Reading Central ukiwa unakaa Whitley atakujibu kwa heshima kwamba utaratibu wa bunge haumruhusu kushika kesi ya mtu wa mwenzake, na hapo umeshapoteza wiki. Huo utaratibu wanaufuata kweli, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta mbunge maarufu unayemuona kwenye tivii, au mwenye asili ya Afrika, au wa chama unachokipenda. Wako ni mmoja tu.

Namna ya kumjua ni rahisi, ingia tovuti ya bunge, members.parliament.uk, weka postikodi yako, inakuletea jina, chama, imeili na simu ya ofisi. Kuna postikodi chache zimekatwa katikati na mpaka wa jimbo, hapo piga simu ofisini kwake uwatajie anwani kamili, watakuambia. Kama umehama juzi, anayehesabika ni wa unakoishi sasa, na kama kesi ilikuwa kwa mbunge wa zamani mwambie mpya kwamba kuna faili kule.

Watu huuliza je kama mbunge wangu ni waziri, au ndio waziri mkuu mwenyewe? Haibadilishi kitu. Rishi Sunak, ambaye mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya, alivyokuwa waziri mkuu bado alikuwa mbunge wa wakulima wa Yorkshire na ofisi yake ya jimbo ilikuwa inafanya kazi. Spika naye, Lindsay Hoyle, ana jimbo lake la Chorley, hapigi kura kwenye mijadala lakini shida za watu wa Chorley anazishughulikia. Hata wabunge wa Sinn Féin kule Ireland ya Kaskazini, ambao hawaendi kabisa kukaa bungeni London kwa msimamo wao, ofisi zao za jimbo ziko wazi na wanaandika barua kama wengine.

Hatua ya 2: Angalia kama shida yako ni ya mbunge au ya mtu mwingine

Kinachomhusu moja kwa moja ni vitu vya serikali kuu. Home Office na mambo yote ya visa, makazi, uraia na ukimbizi. DWP, yaani Universal Credit na pensheni. HMRC kwenye kodi na ile hela ya watoto. Paspoti iliyokwama. Pia kama wewe ni raia wa Uingereza na ndugu yako raia mwenzako kapata matatizo nje ya nchi, anaweza kuwabana wizara ya mambo ya nje.

Taka hazijazolewa, nyumba ya halmashauri ina ukungu, maegesho, nafasi ya mtoto shule, hayo anza na diwani. Mbunge anaweza kuandika kuwaulizia na wengi wanaandika, hasa ya nyumba, ila halmashauri sio mtumishi wake. Ukiwa Uskoti au Wales kumbuka hospitali na shule ziko chini ya serikali zao za kule, kwa hiyo unaye pia mwakilishi wa bunge la Edinburgh au la Cardiff, mpelekee yeye hayo. Lakini visa ni ya London tu, hata ukiwa Aberdeen mambo ya uhamiaji unampelekea mbunge wa Westminster.

Kuna vitu hawezi hata ukilia. Hawezi kuingilia uamuzi wa mahakama wala wa jaji wa uhamiaji, hawezi kukuamulia ugomvi wa talaka, wala kumlazimisha jamaa akulipe deni lako. Na sio mwanasheria wako. Hapa naomba msomaji usimame kidogo maana watu wameumia: kama umenyimwa visa au makazi na barua inasema una haki ya rufaa, muda wa kawaida ni siku 14 ukiwa ndani ya Uingereza na siku 28 ukiwa nje, na kumwandikia mbunge HAKUSIMAMISHI hizo siku. Kata rufaa kwanza, mbunge afuate. Na kama huna karatasi kabisa, unaishi kimya kimya, onana na mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujaiambia ofisi ya mbunge chochote, sisemi ni watu wabaya, nasema ukishaandika jina na anwani yako barua ikaenda Home Office hairudi.

Hatua ya 3: Kusanya vitu vyako kabla hujaandika

Anayeisoma barua yako sio mbunge. Ni keswoka, mfanyakazi wa ofisi ambaye kazi yake ni kushughulikia kesi za wananchi, mara nyingi ni kijana mmoja au wawili na mafaili ya kufa mtu, nyumba, benefiti, visa, vyote kwake. Ukimrahisishia huyu umepona. Anachohitaji ili aanze leo badala ya wiki ijayo:

Jina lako kamili kama lilivyo kwenye paspoti, tarehe ya kuzaliwa, uraia, na anwani kamili yenye postikodi. Bila anwani hawagusi, hata zile imeili zinazojijibu zenyewe ukituma tu zinakuuliza anwani, maana lazima wahakikishe ni mtu wa jimbo. Kisha namba za kesi. Kama maombi yalifanyiwa nje, mfano mke yuko Mwanza na aliomba akiwa huko, kuna namba inaanza na herufi GWF, hiyo ndiyo ya muhimu. Kama uliomba ukiwa ndani weka namba ya maombi na rejea yoyote iliyoko kwenye barua za Home Office. Kwa benefiti na kodi weka namba yako ya National Insurance.

Halafu ridhaa. Kama kesi ni ya mtu mzima mwingine, mke, mama, kaka, ofisi itataka maandishi kwamba amekubali wewe na mbunge mzungumzie mambo yake, kwa sababu ya sheria ya kulinda taarifa za watu. Mwambie aandike mistari miwili, aweke jina, tarehe, sahihi, apige picha akutumie WhatsApp. Watu wengi kesi inakaa wiki tatu inasubiri hicho kikaratasi tu.

Nyaraka usitume kurasa 80. Tuma barua ya mwisho uliyopokea, risiti au uthibitisho wa maombi, na kama kuna dharura, barua ya daktari. Vingine wakihitaji wataomba.

Hatua ya 4: Andika

Imeili ndiyo njia ya haraka. Barua ya kawaida nayo inafika, anwani ya wabunge wote ni House of Commons, London SW1A 0AA. Andika Kiingereza, kikiwa kimevunjika poa tu, hakuna anayesahihisha sarufi pale. Bora kiingereza chako cha kuungaunga kuliko ile barua ya AI yenye maneno makubwa ambayo haisemi unataka nini, hizo wanapokea kwa mamia na zinafanana.

Mpangilio wake uwe hivi, wewe utauweka kwa lugha yao:

Kichwa cha habari: Mkazi wa jimbo lako, visa ya mwenza imechelewa, GWF na namba.

Mstari wa kwanza: Naitwa fulani, naishi anwani hii, postikodi hii.

Kisha hadithi kwa tarehe: Mke wangu aliomba visa tarehe fulani akiwa Tanzania. Alama za vidole zilichukuliwa tarehe fulani. Muda ambao Home Office wenyewe wameutangaza kwenye tovuti umepita tangu tarehe fulani. Nimewaandikia tarehe fulani na fulani, sijapata jibu la maana.

Madhara: Mke ana ujauzito wa miezi saba, barua ya daktari nimeambatanisha.

Ombi: Naomba uwaulize Home Office kesi imefikia wapi, kama kuna nyaraka inakosekana, na uamuzi utatoka lini, pia uwaombe waipe kipaumbele kwa sababu ya hali ya afya.

Basi. Ukurasa mmoja. Ombi ndilo watu wanalisahau, mtu anamwaga machozi kurasa nne mwishoni hajasema anataka afanyiwe nini, keswoka wa watu anabaki anakuna kichwa. Na omba kitu kinachowezekana, "uliza kesi imefikia wapi" kinawezekana, "waambie wampe visa" hakiwezekani, mbunge haamui visa.

Visa ya kutembelea nayo ina shida yake. Mama kanyimwa kuja kwenye harusi, kwa kawaida visa hizo hazina rufaa, na mbunge hawezi kugeuza uamuzi. Anachoweza ni kuuliza kama walikosea jambo la wazi, mfano wamesema hakuna benki stetimenti wakati ilikuwepo. Mara nyingi jibu ni kaombe upya, sasa hapo utumie sababu walizozitaja kama orodha ya kurekebisha. Ila anayemwandikia awe wewe mkazi wa jimbo, yaani mwenyeji, sio mama aliyeko Tanga.

Hatua ya 5: Kwenda kuonana naye uso kwa uso

Wabunge wanafanya vikao vya kuonana na wananchi, wao wanaviita surgery, usichanganye na upasuaji. Bunge hukaa zaidi Jumatatu mpaka Alhamisi, kwa hiyo vikao vingi ni Ijumaa au Jumamosi, maktaba, ukumbi wa kanisa, ofisini, wengine mpaka supamaketi. Unaweka miadi kwa simu au imeili, na sehemu kamili mara nyingi wanakutajia baada ya kuthibitisha miadi. Usione wanakudharau, Jo Cox aliuawa Juni 2016 akiwa anaenda kwenye kikao cha namna hiyo kule Birstall, na David Amess akachomwa kisu Oktoba 2021 akiwa ndani ya kikao kanisani Leigh-on-Sea. Tangu hapo ulinzi umekazwa, unaweza kukaguliwa begi, vumilia.

Utapewa dakika kama kumi au kumi na tano, na zinaisha upesi kweli kweli, salamu zetu zile ndefu za habari za nyumbani na watoto zikate. Nenda na ule ukurasa wako mmoja umeprinti nakala mbili, moja yake moja yako, anza na ombi halafu ndio historia. Kama Kiingereza kinakupa shida nenda na mtu mzima anayejua, sio mtoto wako wa miaka kumi, kuna mambo ya ndoa na afya hayafai mtoto kuyatafsiri. Keswoka atakuwa pembeni anaandika, chukua jina lake na imeili yake, huyo ndiye utakayekuwa unaongea naye miezi ijayo.

Na huduma hii ni bure. Kuna matapeli kwenye jamii zetu wanatoza watu hela ya "kukuunganisha na mbunge", wakati kiunganishi chenyewe ni postikodi yako.

Hatua ya 6: Fuatilia bila kuwa kero

Ukishatuma utapata jibu kwamba wamepokea, na namba ya kesi. Wao wanaandika wizarani, wizara inajibu baada ya wiki kadhaa, jibu linakuja kwa mbunge halafu anakutumia nakala na barua yake juu. Jibu la kwanza la Home Office mara nyingi ni la maneno matupu, kesi yako inashughulikiwa tunaomba uvumilivu. Usikate tamaa hapo, mjibu keswoka siku hiyo hiyo, mwambie hawajajibu swali la pili na la tatu, tafadhali waandikie tena. Barua ya pili ndiyo inayowasumbua. Kama kimya, kumbushia kila baada ya wiki mbili au tatu kwenye uzi ule ule wa imeili, usifungue mpya kila mara, na usimtumie mbunge, diwani na mwanasheria ujumbe tofauti tofauti bila kila mmoja kujua mwenzake, mtagongana.

Barua zikigonga mwamba ana vitu vingine mkononi. Anaweza kumuuliza waziri swali la maandishi ambalo lazima lijibiwe hadharani, kuomba mjadala mfupi wa nusu saa mwisho wa siku, au akibahatika kusimama Jumatano mchana kwenye maswali ya waziri mkuu. Hivyo havitumiki kwa kesi ya visa moja, hutumika akiona watu wengi wa jimbo wana shida ile ile, ndio maana kama mko familia ishirini mmekwama mahali pamoja mwandikie kila mmoja kivyake na mtaje kwamba mko wengi.

Na kuna mlango mmoja ambao wengi hawaujui. Wizara ikikutendea hovyo, imepoteza nyaraka zako au imekuchelewesha bila sababu, na umeshapita utaratibu wao wa malalamiko mpaka mwisho, unaweza kwenda kwa ombudsmani wa bunge, yaani afisa huru anayechunguza malalamiko, lakini malalamiko ya wizara hayapokelewi mpaka mbunge ayapeleke. Fomu anasaini mbunge, sio lazima awe anakubaliana na wewe. Muda ni miezi 12 tangu ujue tatizo, kwa hiyo usilaze damu.

Hatua ya 7: Kura

Mbunge hana bosi wa kumshtakia kwamba hajajibu imeili. Ukiona ofisi imelala miezi, waandikie rasmi, piga simu, au kama uko London ingia bungeni mpaka Central Lobby, ule ukumbi wa katikati, ujaze kadi ya kijani ya kuomba kuonana naye, ni haki ya zamani na bado ipo, ingawa akiwa hayupo utaacha kadi na kuondoka.

Kinachobaki ni debe. Hapa watu wetu wengi wanajinyima wenyewe. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, kwa kuwa nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola, ukiwa na miaka 18 na kibali halali cha kuishi unaruhusiwa kupiga kura uchaguzi mkuu wa Uingereza, uraia sio lazima. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman hawamo kwenye hilo mpaka wachukue uraia, ila wakiwa Uskoti au Wales na kibali halali wanapiga kura za mabunge ya kule na za halmashauri. Kujiandikisha ni gov.uk/register-to-vote, dakika kama tano, weka uraia wako wa kweli na namba ya National Insurance. Siku ya uchaguzi mkuu vituoni England, Uskoti na Wales wanataka kitambulisho chenye picha, na paspoti ya Tanzania au Kenya inakubalika pale, hata ikiwa imeisha muda wake, mradi sura bado ni yako.